Kitabu Nilichogawana na Germana

Alhamisi, 14 Machi
Loji imefungwa leo mchana. Meneja ametukusanya jikoni, ametushukuru, ametuambia turudi Juni mosi wageni wakianza tena kupanda kwenda kreta. Kila masika ni hivyo. Nimesugua sufuria zangu, nimezifunika na magazeti, nimeondoka na mwavuli. Miaka kumi na tisa nawapikia watu wanaokwenda kuangalia simba, na bado sijajua la kufanya nikiambiwa nikapumzike.

Daftari hili alininunulia binti yangu Eva, yuko chuoni Morogoro. Alisema, "Mama, uwe unaandika, utaacha kuongea na sufuria." Haya, naandika.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua. Nimelala mpaka saa tatu. Aibu.

Jumamosi, 16 Machi
Anneth, jirani yangu mwenye duka la dawa, amenitoa ndani kwa nguvu. "Unaoza humo, Mama Eva. Twende parokiani, Mwalimu Valeriani ameanzisha kundi la kusoma riwaya." Nikamwambia riwaya ya mwisho niliisoma kidato cha nne, tena kwa sababu ya mtihani. Akasema huko hakuna mtihani, kuna maandazi.

Mwalimu Valeriani alinifundisha darasa la tatu kule Endabash. Amestaafu, amekonda kama kipande cha chaki, ila sauti ni ile ile ya kukufanya ufiche mikono. Walikuwepo pia Polycarp, dereva wa watalii, Mchaga wa Machame aliyehamia Karatu kabla ya lami. Na Lembris wa Engaresero, anayepandisha wageni mlimani, naye mvua imemwachisha kazi kama mimi. Nikajimiminia chai. Mlango ukafunguliwa, akaingia Germana.

Germana ni dada yangu, tumbo moja, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho. Hatujasemeshana tangu Agosti ya miaka minne iliyopita tulipomzika mama. Mama aliugua wiki tatu nyumbani kwa Germana, na Germana alinipigia simu siku moja tu, siku ambayo mama alikuwa ameshakata roho. Makaburini, mbele ya watu wote, nilimwambia, "Umenificha mama yangu." Hakujibu. Hajajibu mpaka leo.

Sikumwamkia. Alisema, "Mama Eva." Nikasema, "Mama Simon." Tukaishia hapo, kama wanawake wawili waliokutana kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Kitabu ni riwaya ya zamani ya pwani, *Matanga ya Bi Rehani*. Haichapishwi tena. Mwalimu alipata nakala tatu kwa muuza vitabu vikuukuu Arusha, na sisi tuko sita. Akagawa: yeye na Anneth moja, Polycarp na Lembris moja. "Iliyobaki," akasema akifuta miwani, "ni ya watu wa Endabash."

Alifanya makusudi, najua. Anatujua tangu tukiwa na kamasi. Kitabu kilikaa mezani katikati yetu, hakuna aliyenyoosha mkono, mpaka Anneth akakitia kwenye kikapu changu. Wamepanga kwamba nikae nacho mpaka Jumatano, kisha nikiache dukani kwake. Modest, mume wa Germana, huleta maziwa mjini kutoka Endabash siku hiyo, atakichukua, na Jumamosi Germana atakirudisha mezani kwa Mwalimu. Hivyo hatutahitaji kupeana mkononi wala kusemezana.

Jumapili, 17 Machi
Nimesoma kurasa nane. Kiswahili cha pwani kigumu! Maneno mengine nayapita kama madimbwi.

Jumatano, 20 Machi
Nimekiacha kitabu kwa Anneth. Nilitaka kumaliza sura ya tatu kwanza, nikamaliza nikiwa nimesimama mlangoni na viatu vimelowa.

Jumamosi, 23 Machi
Tumejadili sura tatu za kwanza. Nimekiri mbele ya wote kwamba maneno magumu nayapita kama madimbwi. Hadithi ni hii. Mume wa Bi Rehani, seremala anayeitwa Kombo, alikwenda bara kutafuta mbao na hakurudi. Miaka saba. Kila anayepita mlangoni anamuuliza mkewe, "Habari za Kombo?" Siku moja Bi Rehani anatoka nje na kutangaza kwamba barua imefika, Kombo amefariki. Barua hakuna. Anakaa eda, watu wanamlilia, wanakula wali wa matanga. Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena.

"Alikwenda bara?" Polycarp akasema. "Jamani, labda alikuja Karatu akaoa!"

Lembris hakucheka. Alisema kwao mtu akipotea na ng'ombe, huwezi kusema amekufa kwa sababu tu umechoka kungoja. "Neno lenyewe litamfuata."

Nikasema Bi Rehani ni muongo na hana haki. Aliwanyima watu wa Kombo ukweli. Kombo alikuwa na mama! Sauti ilinipanda kuliko nilivyotaka. Germana alikuwa anaangalia dirisha. Mvua ikashuka juu ya bati kwa nguvu hata hatukusikiana, ikabidi tukae kimya tunatafuna maandazi.

Nyumbani nimefungua kitabu. Germana ameandika ndani yake kwa penseli! Ukurasa wa 31, pale niliposema ni muongo, pembeni: *Si muongo. Amechoka kuulizwa.*

Hasira zimenikosesha hamu ya chakula.

Jumatatu, 25 Machi
Nimempigia Mwalimu kumshtakia kuhusu penseli. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Na wewe una penseli?"

Jumanne, 26 Machi
Nimenunua penseli.

Jumapili, 31 Machi
Pasaka. Jana hatukukutana. Baada ya misa nilimwona Anneth, akaniambia Germana alipeleka maua kanisani Endabash akiwa na matope mpaka magotini. Sikumuuliza. Ananisimulia tu.

Jumamosi, 6 Aprili
Leo tumegombana, na ninaandika ili nione kama nilikosea.

Katika sura ya saba Kombo anarudi. Ana ndevu nyeupe. Anasimama mlangoni jioni, anamkuta mkewe anachambua mchele. Bi Rehani hapigi kelele. Anamwambia, "Wewe ni marehemu, ingia kwa mlango wa nyuma."

Polycarp alicheka mpaka akalowa machozi. (Yeye amekwisha kusoma mwisho. Lembris amekasirika, amemnyang'anya nakala.) Mwalimu akauliza, je, Kombo ana haki ya kukasirika?

Nikasema ana haki zote. Mtu amefichwa, amezikwa hai. Ndugu zake wamelia bure.

Germana akasema, akimwangalia Mwalimu na si mimi, "Watu wote wanamhurumia anayekuja amechelewa. Hakuna anayemuuliza aliyebaki nyumbani alikuwa analala vipi."

"Aliyebaki ndiye aliyekuwa na simu," nikasema.

Hakuna simu katika kitabu hicho, kimeandikwa zamani mno. Anneth akajikohoza. Mwalimu akasema kwa upole, "Tuendelee ukurasa wa tisini." Germana akafungua ukurasa wa tisini, akausoma kwa sauti, na nilikuwa nimesahau jinsi Germana anavyosoma. Hakwami. Hapumui mahali pasipotakiwa. Hata Polycarp aliacha kutafuna.

Germana alikuwa wa kwanza darasa la saba, nani asiyekumbuka, wavulana na wasichana. Baba akasema ng'ombe hawajichungi. Miaka sita baadaye, zamu yangu ilipofika, nikaenda sekondari na matokeo mabaya kuliko yake. Nimelijua hilo siku zote kama ninavyojua jina langu, na sikuwahi kulifikiria.

Jumanne, 9 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Nimejaza ukurasa wa 94 na 95. Nimeandika: *Angemwambia tu ukweli.* Chini yake: *Nani angemsikiliza?* Hilo la pili sijui kwa nini nimeliandika mimi.

Jumamosi, 13 Aprili
Kuna jambo nimeligundua leo nikisoma sura ya nane. Kila neno gumu limepigiwa mstari mwembamba, na pembeni maana yake kwa herufi ndogo. *Ususu: kishubaka ukutani cha kuwekea vitu. Kudarizi: kushona maua.* Nikasema, kumbe hata yeye hajui maneno ya pwani. Nilipomtania Mwalimu kuhusu hilo, akasema, "Germana? Maneno hayo aliniuliza yote siku ya kwanza na akayashika. Hayo hajiandikii mwenyewe."

Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani. Sura za kwanza hazina maana hata moja pembeni. Zimeanza baada ya siku ile niliposema mbele ya watu kwamba nayapita maneno kama madimbwi.

Jumatano, 17 Aprili
Kabla ya kukipeleka kitabu dukani nimeandika kwenye ukurasa wa 118, chini kabisa: *Asante kwa ususu.* Nikafuta. Nikaandika tena.

Jumamosi, 20 Aprili
Ukurasa wa 118: *Haya.*

Neno moja tu. Nimelisoma mara tano. Leo alinisogezea kikombe cha chai bila kuulizwa, chenye vijiko vitatu vya sukari, kama ninavyokunywa tangu utoto. Watu wakaona, wakajifanya hawajaona. Polycarp peke yake alikohoa kwa kelele.

Alhamisi, 25 Aprili
Siku ya mnada, lakini hakuna mnada wa maana. Wafanyabiashara wamefunga maturubai. Siku ya nne mvua haijakata. Jana Modest hakuleta maziwa, na kitabu kiko dukani kwa Anneth.

Ijumaa, 26 Aprili
Modest alipita jioni haraka, akachukua kitabu, akarudi kabla ya giza. Anneth anasema alionekana ana wasiwasi na ukuta wa nyumba.

Jumamosi, 27 Aprili
Germana hakuja. Simu haipatikani, yake wala ya Modest. Lembris amesikia stendi kwamba korongo la njia ya Endabash limejaa, magari yanageuza.

Mwalimu akafungua kitabu, akakifunga. "Leo tusome kimya," akasema. Hakuna aliyesoma.

Nimejiambia si shughuli yangu. Ana mume. Ana mtoto mkubwa Mbulu. Nimepika makande, nimewagawia majirani.

Jumapili, 28 Aprili
Nimerudi na mikono inauma, lakini nataka kuandika yote.

Asubuhi sikwenda misa. Nilikwenda kwa Polycarp, nikamkuta na fulana anapiga mswaki. Nikasema, "Nipeleke Endabash." Hakuuliza. Akachukua funguo.

Gari lilifika mpaka korongoni. Maji yalikuwa mekundu, yanavuta matawi. Kulikuwa na akina mama wa Kiiraqw wanavuka kwa kushikana mikono, nikashikana nao, Polycarp akibaki ng'ambo anapiga kelele, "Mama Eva, uangalie mguu!" Mama mmoja niliyemshika mkono alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, na kila akikanyaga shimo anaukata wimbo, anautoa mguu, anaendelea pale pale alipoishia.

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Germana ulikuwa umelala chini. Chumba cha mama. Kile alichougulia. Nilikiona kitanda chake kwa nje, kimejaa udongo, kama kitu cha mtu kilichotupwa barabarani. Modest alikuwa anachimbua matofali. Akanyoosha mgongo, akasema, "Karibu, shemeji," kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba huja kila Jumapili. "Yuko jikoni."

Germana alikuwa kwenye kigoda mbele ya mafiga, kitabu mapajani, anageuza kurasa moja moja kwenye joto. Aliponiona hakusimama.

"Kimelowa," akasema. "Nilikiweka chumba cha mama, juu ya kabati, kisichafuke. Ukuta umeangukia kabati. Nimemharibia Mwalimu kitabu chake."

Ukiacha ile "Mama Eva" ya siku ya kwanza, hayo ndiyo maneno ya kwanza ya dada yangu kwangu baada ya miaka minne. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno makali na maneno matamu, yote yakapotea.

"Kitakauka," nikasema. "Nipe nusu."

Kitabu kilikuwa kimeachana mgongoni, tukagawana. Tukakaa tunakausha. Penseli haitoki kwa maji, niliona leo. Maandishi yetu yote yalikuwepo, yake yaliyosimama wima na yangu yaliyolala. Nikafika ukurasa wa 31.

"Uliandika amechoka kuulizwa," nikasema. "Wewe nani alikuuliza?"

Akaingiza ukuni. Nikadhani atanyamaza kama siku zote.

"Mama."

"Alikuuliza nini?"

"Wewe." Akageuza ukurasa. "Kila asubuhi. Namwosha, namgeuza, namlisha uji kwa kijiko, halafu ananiuliza, Dorkasi amekula? Dorkasi wanamtendea vizuri kazini? Dorkasi anakuja lini? Mimi niko pale. Mikono yangu iko mwilini mwake. Hakuniuliza hata siku moja kama mimi nimekula. Nikasema, nikimwita huyu, akiingia tu mlangoni mimi nitakuwa mtu wa kuchota maji. Ngoja kwanza. Ngoja siku mbili mama awe wangu. Siku mbili zikawa wiki. Nilidhani atapona, Dorkasi. Haki ya Mungu, nilidhani atapona."

Akageuza ukurasa mwingine kwenye joto.

"Asubuhi ile nilipokupigia nilijua nimekuibia. Ndiyo maana sikukujibu makaburini. Ningesema nini? Ulisema kweli."

Nikaweka kurasa zangu chini, nikatoka. Sikuweza kukaa pale. Nilikwenda kwa Modest, nikaanza kubeba matofali, mawili mawili, na kuyarundika. Sijui niliyabeba kwa muda gani. Nilikuwa nalia na kutupa. Modest akasema taratibu, "Shemeji, hayo mazima tutayatumia tena. Tupa yale yaliyovunjika." Akanionyesha lundo la yaliyovunjika. Nikatupa hayo.

Na nikiwa pale, kucha zimejaa udongo wa chumba cha mama, jambo langu mwenyewe likanijia, lile ambalo sijamwambia mtu, wala Eva, wala padri.

Nikarudi jikoni. Nikakaa.

"Jumapili ile kabla hajafa nilimpigia kwenye simu yake," nikasema. "Alikohoa sana. Nikamuuliza, akasema ni vumbi. Wiki hiyo nilikuwa nimekabidhiwa jiko zima, mara ya kwanza, wageni wamejaa. Kile hakikuwa kikohozi cha vumbi. Nilijua. Lakini sikutaka kusikia kingine, nikasema, pole na vumbi mama, nikakata simu. Halafu nikaja kukutupia wewe yote."

Germana akanitazama, mara ya kwanza tangu nifike.

"Mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni," akasema. "Nilikusikia. Nilisikia ulivyokubali haraka. Na nilifurahi."

Moshi ulikuwa unatuingia machoni, hiyo ilisaidia. Hatukukumbatiana, sisi si watu hao. Akasema, "Ukurasa wa tisini umeshikana na wa tisini na moja." Akachukua kisu cha mboga, akashika upande mmoja, nikashika upande mwingine, tukautenganisha taratibu mpaka ukaachia bila kuchanika.

Saa tisa Modest alisema korongo linapungua, nivuke sasa. Germana alinisindikiza mpaka kwenye mteremko. Sikuwa nimemwamkia dada yangu kwa miaka minne.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Nenda, kabla mvua haijarudi."

Polycarp alikuwa bado ng'ambo. Alikuwa amelala ndani ya gari, nakala yake na Lembris imemfunika uso.

Jumatatu, 29 Aprili
Nimelala mchana kutwa kama mtu aliyetoka hospitali. Bado nina hasira naye. Nimeamka nikaikuta ipo, ndogo, kama kokoto kiatuni. Lakini nimetuma turubai na Modest, na kilo mbili za sukari.

Jumamosi, 4 Mei
Barabara imepitika. Germana amekuja na kitabu kimefungwa kwa kamba, kimevimba mara mbili. Akasimama mbele ya Mwalimu kama mwanafunzi. Mwalimu akakigeuzageuza, akasoma pembeni hapa na pale. Akasoma muda mrefu kuliko unaohitajika kukagua uharibifu.

"Hiki hakiharibiki," akasema. "Hiki sasa ni chenu, mimi sikitaki."

Nikamuuliza nje, kwenye baraza, kama siku ile ya kwanza alitupanga pamoja kusudi. "Nakala zilikuwa tatu tu, Dorkasi," akasema. "Hesabu ni hesabu." Lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Jumanne, 7 Mei
Nimekwenda Endabash kupiga udongo. Modest, mimi, Germana, na Lembris aliyejitolea bila kuambiwa. Lembris anasema kwao nyumba hujengwa na wanawake, kwa hiyo yeye amekuja kusimamia. Germana akamtuma maji mara nane.

Jumamosi, 11 Mei
Hatukukutana. Msiba parokiani.

Jumatano, 15 Mei
Ukuta umefika kwenye linta, juu ya dirisha. Sura ya mwisho hatujaisoma, mimi wala yeye. Tulikuwa tumekaa juu ya lundo la mchanga tunapumzika, nikamwambia, soma. Akasoma yote, mikono ina udongo. Bi Rehani anamwacha Kombo aishi kijiji cha pili kama fundi mgeni, miaka mitatu, mpaka asubuhi moja anakwenda huko peke yake, anasimama kwenye karakana iliyojaa wateja na kumwita kwa jina lake.

Modest aliacha mwiko. Nyuki akaingia kwenye kikombe chake cha chai, hata hakumfukuza.

Jumamosi, 18 Mei
Mjadala wa mwisho wa kitabu. Mwalimu akauliza kila mtu kama amemsamehe Bi Rehani.

Nikasema mimi nimemsamehe. Mtu anayeulizwa habari za mwingine kila siku, bila yeye kuulizwa zake, siku moja atasema uongo ili apumue.

Germana akarukia. "Hapana! Alichukua kitu kisicho chake. Machozi ya watu si yake. Angekwenda kumwita mwaka wa kwanza, si wa tatu. Uoga tu!"

"Uoga gani? Wewe mwenyewe uliandika amechoka!"

"Niliandika Machi. Hii ni Mei."

"Ngojeni," Polycarp akasema, anageuka huku na huku. "Mmebadilishana? Sasa nyinyi mko upande gani?"

Tulibishana mpaka maandazi yakaisha. Tulipazana sauti, tukakatizana, tukaita watu washahidi, na Anneth akasema dunia imerudi mahali pake, maana hivyo ndivyo tulivyokuwa tukibishana zamani juu ya kipimo cha chumvi. Lembris alisema neno la mwisho: yeye hajamsamehe, lakini angekwenda kula kwake.

Ijumaa, 24 Mei
Anga safi. Meneja amepiga simu. Wageni wa kwanza Juni mosi.

Jumamosi, 25 Mei
Mwalimu ameleta kitabu kipya. Nakala mbili. Sasa tutakuwa watatu watatu, na Polycarp ameapa hatasoma mwisho kwanza. Hakuna aliyemwamini.

Jumamosi, 1 Juni
Kazini. Wageni kumi na wanne. Supu ya maboga.

Jumamosi, 8 Juni
Sikupata ruhusa. Anneth anasema waliniwekea kiti.

Alhamisi, 13 Juni
Saa nne asubuhi nilikuwa nakanda unga wa mikate ya mchana, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Germana. Germana hanipigii saa za kazi. Nikajifuta unga kwenye nywele badala ya kwenye kitambaa.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nina mafua."

"Mafua?"

"Na kichwa, kidogo. Modest anasema siyo neno. Lakini nimeona nikuambie."

Nyuma yake nilisikia kuku, na Modest anauliza ni nani. Nikasema, "Sawa. Umefanya vizuri kuniambia." Nikakata. Nikasimama mbele ya unga.

Nikamwendea meneja kuomba ruhusa mpaka kesho asubuhi. Akasema, "Dada yako anaumwa? Pole sana. Anaumwa nini?"

Ningeweza kusema malaria. Nikasema mafua.

Akanitazama. Miaka kumi na tisa sijaomba ruhusa ya katikati ya wiki, isipokuwa ya kuzika. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akasema, "Nenda. Mikate atamalizia msaidizi wako."

Polycarp alikuwa anashuka na gari tupu kutoka getini. Mjini nikanunua malimau na tangawizi, akanifikisha mpaka uani. Germana alikuwa amekaa juani, kwenye turubai, anapura maharage kwa fimbo, pua nyekundu, kilemba kimefungwa kichwani kwa kukaza. Aliponiona nashuka akaiacha fimbo hewani.

"Umekuja kwa mafua?"

"Nimekuja kwa mafua."

Akatazama kikapu, akanitazama nywele zenye unga. Akapenga kamasi kwa nguvu kwenye kona ya kanga yake. Kisha akaweka fimbo chini, akajinyoosha pale pale juu ya turubai katikati ya maganda, mkono juu ya macho.

"Basi naumwa," akasema. "Kanipikie uji."

Nikaingia jikoni, nikawasha moto.